Jicho Alilolifunika Asajile

Juzi kazini kwetu waliniletea televisheni ya chogo. Kijana mmoja wa ofisini aliikuta kwa fundi mmoja kule Mwanjelwa, akaona tuitumie kujaribia gemu za mtindo wa zamani, maana siku hizi kuna watu wazima wenye kazi zao na vitambi vyao wanaozililia. Akaichomeka. Ikakohoa kidogo, ikatoa ule mlio mwembamba, na baada ya muda vumbi lililolala ndani yake likaanza kupata moto. Harufu ile ndiyo iliyonitoa ofisini. Nilijifanya naenda chooni, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, nikalia kwa hasira. Mnisamehe, ndivyo nilivyoumbwa. Jambo la huzuni hunikasirisha kwanza, huzuni yenyewe inakuja baadaye.

Vumbi linaloungua juu ya chogo la televisheni ndiyo harufu ya utoto wangu. Lichanganye na blanketi lisilofuliwa, raba za wavulana zilizolowa mvua, na mahindi ya kuchoma ya pale barabarani, utakuwa umeingia kwenye banda la gemu la Fundi Jofrey, Uyole, nyuma ya pale malori yanapoegeshwa. Blanketi lilitundikwa mlangoni ili mwanga usiingie na ili mama zetu wapitao wasituone. Ninyi wa Pwani mnaosoma haya hamwezi kuijua baridi ya Uyole mwezi wa sita. Banda lile lilikuwa na joto la watu, na nadhani nusu ya watoto waliokuwa wanashinda mle hawakuifuata gemu, walilifuata joto.

Asajile aliifuata gemu. Huyo alikuwa kaka yangu, wa pekee, amenipita miaka minne. Baba yetu alikuwa fundi seremala na mama aliuza viazi sokoni, kwa hiyo shule ikifungwa mimi nilikuwa mzigo wa Asajile, na mzigo huenda anakokwenda mbebaji. Msichana hakutakiwa bandani. Mimi niliketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, karibu na goti lake, na hakuna aliyethubutu kunifukuza kwa sababu hakuna aliyekuwa anamfunga Asajile. Gemu ya mpira, gemu ya magari, gemu ya ngumi, zote alizicheza kama mtu anayetembea uani kwao. Madereva waliotoka Tunduma wakisubiri mizigo waliingia kumtazama, wakamwita Profesa.

Wavulana wa mtaani walimwita Chongo. Hilo lilitokana na madoido yake. Katikati ya mchezo, pale gari linapolipuka na kioo kizima kuanza kuwakawaka, Asajile alikuwa anaachia pedi ya kuchezea kwa mkono mmoja, anafunika jicho la kushoto kwa kiganja, na anaendelea kuendesha kwa mkono uliobaki. Banda zima lilikuwa linapiga kelele. Mpinzani wake alikuwa anachanganyikiwa kwa kudharauliwa kiasi kile. Nami kwenye kreti langu nilivimba kichwa, maana niliona kaka yangu anawapa wenzake nafasi ya jicho moja na bado anawafunga.

Asajile alikuwa na kifafa. Nyumbani neno hilo halikutamkwa. Tulisema “ugonjwa wake”. Kila jioni baada ya ugali mama alimpa vidonge kutoka kliniki, naye alivimeza akikunja uso, kisha ananitolea ulimi mweupe. Akivinywa vizuri, miezi ilikuwa inapita bila kuanguka. Majirani hawakujua. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwetu maradhi hayakungoja hata hicho kifo.

Yalituumbua siku ya mashindano. Fundi Jofrey alikuwa ametangaza kwamba atakayeshinda mashindano ya banda zima ndiye atakayekuwa mwangalizi wake. Atafungua banda, atafundisha wadogo, atakuwa na mshahara wake mdogo. Kwa Asajile hiyo haikuwa ndoto ya mchezo. Darasani alikuwa hafanyi vizuri, vidonge vilikuwa vinamlaza usingizi, na baba alikwisha kusema hatamshikisha randa wala msumeno mtoto anayeanguka. Alijua kabisa milango mingapi ilikuwa imefungwa. Asubuhi ile akiwa anafunga kamba za viatu aliniita kwa jina langu, akaniambia, “Tumpe, kuna watu wanalipwa kwa kucheza. Fundi kaniambia, Ulaya huko. Mimi naanzia hapahapa Uyole.”

Umeme siku hiyo ulikuwa mdogo, unacheza. Picha ilikuwa inatetemeka tangu asubuhi na Fundi Jofrey alikuwa anaipiga chogo kofi. Mchezo wa mwisho ulikuwa wa magari, na mpinzani alikuwa utingo mmoja wa lori mwenye vidole virefu, mzuri kwelikweli. Nilingoja madoido ya kaka yangu, hayakuja. Magari yalilipuka, kioo kikawakawaka, Asajile aliishika pedi kwa mikono miwili, macho yote mawili wazi, meno ameyauma. Nilikata tamaa kidogo, kusema kweli. Nilidhani ameogopa.

Alishinda. Gari lake lilivuka mstari, kelele zikapigwa, naye akageuka upande wangu kama anataka kuniambia neno, kisha shingo ikaendelea kugeuka yenyewe. Akaanguka kati ya miguu ya watu.

Banda lilibaki tupu. Sijawahi tena kuona watu wakitoka mahali kwa kasi ile. Kwetu watu wanaamini povu la mwenye kifafa linaambukiza, na mtu akilikanyaga, au likimrukia, limempata. Wavulana walioniachia nafasi ya kreti miaka yote walilipasua lile blanketi la mlangoni wakigombania kutoka. Fundi Jofrey alisimama nje akisema, “Msimguse, msimguse,” naye hakumgusa. Nilibaki mimi na kaka yangu na televisheni inayopiga muziki wa ushindi, ukijirudia na kujirudia. Nilimlaza ubavu kama mama alivyonifundisha. Mpaka leo nikisikia muziki wa ushindi kwenye gemu yoyote huwa nauzima.

Kazi ya uangalizi alipewa yule utingo mwenye vidole virefu, naye baada ya muda mfupi akaondoka na lori.

Baba hakuwa mkatili. Ningependa mlielewe hilo, maana nikisimulia haraka anaonekana mkatili. Alikuwa mtu aliyeogopa, na woga wake ulizungumza kwa methali. “Mchelea mwana kulia hulia yeye,” alimwambia mama. Aliamini gemu ndiyo iliyoufungulia mlango ugonjwa. Akaamua Asajile aende kwa Mama Mkubwa, dada yake mama, kijijini karibu na Tosamaganga, Iringa. Kule hospitali haiko mbali, na televisheni hakuna. Mimi nikahamishiwa shule ya kule ili awe na mtu wa kumwangalia. Ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili. Nimeugeuza na kuugeuza miaka yote hii, na bado naona ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye akili.

Tulipanda basi asubuhi. Tambarare za Usangu wanawake walitusogezea madirishani mifuko ya mchele, wakiapa kwamba ni wa Rujewa wenyewe. Mbele zaidi, jua likiwa limehamia upande wetu, tuliingia kwenye misitu ya milingoti iliyopandwa kwa mistari, na mwanga ukawa unakatwakatwa na miti, unawaka na kuzima usoni mwetu. Asajile akainua kiganja akafunika jicho la kushoto.

“Humu ndani unamringia nani?” nikamuuliza.

Alicheka, hakukishusha kiganja. “Nanogesha safari.”

Mama Mkubwa alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kwaya, Mkatoliki wa kukosa chai lakini si misa. Alimpokea Asajile kama mwanawe. Hakumsimanga hata siku moja. Kila jioni vidonge vilitoka kwenye kopo la maziwa ya unga, na Asajile alinenepa mashavu.

Lakini gemu hakuna, na kaka yangu alikuwa anakauka. Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza hewa akiwa ameketi. Basi nikamtungia gemu. Uani kwa Mama Mkubwa, udongo mwekundu uliofagiliwa, nilichora njia kwa kijiti, nikapanga punje za mahindi kuwa kuta, maharage kuwa maadui, na kipande cha mkaa kuwa mchezaji. Mimi nilikuwa mashine. Akisogeza mkaa, mimi nasogeza maharage kwa sheria nilizozitunga kichwani. Mwanzoni nilimfunga kila mara, nikafurahi sana. Asajile hakufurahi.

“Gemu yako mbaya,” alisema. “Mtu akikosea mara moja tu kwisha habari yake. Nani atarudi kucheza?”

“Si ajifunze kutokosea!”

“Hapana, Tumpe. Mpe pa kurudia. Akianguka ainuke, lakini pale alipoangukia pawe pagumu kidogo.”

Wasomaji wangu, nimesoma chuo, nimekaa kwenye mafunzo ya watu wenye vyeo virefu, na hilo bado ndilo somo zima la kazi yangu. Siku zile niliona ni maneno ya mtu aliyefungwa. Hata hivyo nilibadilisha njia. Kila siku baada ya shule nilitunga mpya, naye alicheza na kunionyesha palipokosewa, na watoto wa jirani walianza kujipanga kwenye ua wa michongoma kusubiri zamu. Hawa hawakujua lolote kuhusu povu. Kwao Asajile alikuwa mwenye gemu ya mahindi, basi. Nilifurahi kipindi kile, na ninaposikia watu wakisema umaskini hauna furaha huwa natamani kuwaonyesha ule ua.

Kisha ikaja baridi. Iringa nayo ina baridi yake, kavu, inayoingia kwenye mifupa kupitia miguuni. Dawa ilikuwa imechelewa kufika siku chache. Asajile alikuwa amekaa jikoni peke yake asubuhi akiota moto kwenye mafiga, Mama Mkubwa akiwa shambani na mimi shuleni. Aliangukia motoni. Jirani aliyefuata moto wa kuwashia jiko lake ndiye aliyemkuta. Mkono wa kushoto uliungua kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Hospitali walimtunza vizuri, sina neno nao. Vidonda vilifungwa, vikapona kwa makovu yaliyovuta vidole viwili vikajikunja. Walimrudishia na vidonge vyake. Balaa lilitusubiri nyumbani.

Kuna imani kule, na si kule tu, kwamba mwenye kifafa akishaungua moto akiwa ameanguka, ugonjwa umekwisha kupigwa muhuri. Hauponi tena. Kabla ya moto, dawa inasaidia. Baada ya moto, dawa ni kumtesa mtu bure. Akina mama wa jumuiya walikuja kutoa pole, walikalia mikeka, wakanywa chai, na hakuna hata mmoja aliyesema hilo kwa ubaya. Walilisema kwa kutikisa kichwa, kwa kushika mkono wa Mama Mkubwa, kama watu wanaokubaliana kuhusu mvua. Jioni ile kopo la maziwa ya unga halikufunguliwa. Kesho yake nililiona juu ya uchaga wa jikoni, nyuma ya vyungu, limeanza kupata masizi.

Asajile aliomba mwenyewe. Nilikuwepo, nachambua maharage.

“Mama Mkubwa, naomba vidonge vyangu.”

Mama Mkubwa aliweka mwiko chini. Alimkalisha kwenye kigoda, akamshika kichwa kwa mikono yake miwili. “Mwanangu, moto umeshakuona. Vile vidonge vichungu, vinakulaza, vinakutapisha. Nikutese kwa faida gani? Sasa hivi wewe ni wa Mungu tu.”

“Lakini vinanisaidia. Mimi mwenyewe ndio najua.”

“Vilikusaidia,” alisema, akaanza kulia, na kaka yangu ndiye aliyembembeleza.

Huyo ndiye mtu ninayetakiwa kumchukia, na sijaweza. Alimwachia Asajile paja la kuku kila Jumapili tangu siku hiyo. Alimtandikia godoro lake yeye, akalala kwenye mkeka. Alimpenda kama mtu anayemuaga mgonjwa, huku mgonjwa mwenyewe anakula, anacheka, anauliza kuhusu kesho. Baba na mama huko Uyole hawakujua. Waliambiwa mtoto ameungua na anaendelea vizuri. Na hospitali hawakujua kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Alianza kuanguka mara kwa mara. Gemu ya mahindi tuliendelea nayo, akisogeza mkaa kwa mkono wa kulia. Siku ya mwisho ilikuwa Jumamosi, mchana mweupe. Aliniambia nipange njia mpya, ngumu kuliko zote, yeye anachukua ndoo anakwenda mtoni, akirudi aikute tayari. Nilimwona akishuka kilimani anapiga mluzi. Mto ule ni kijito tu, maji hayafiki magotini, sisi tulikuwa tunayaruka. Nilikuwa napanga punje za mwisho niliposikia kelele za wanawake kutoka bondeni. Maji yale yalimtosha, kwa sababu aliangukia uso.

Watu walipokumbuka kwamba nami nipo, kuku walikuwa wameshakula nusu ya njia.

Baba alikuja kwa lifti ya lori aliyoiomba, na mbao zake. Jeneza alilitengeneza mwenyewe, hapohapo uani, hakukubali kusaidiwa, akapiga randa hata pande za ndani ambazo hakuna atakayeziona. Alipomaliza aliketi juu ya maranda, akaniita.

“Ile michezo yenu ya mahindi. Nani alikuwa anaitunga?”

“Mimi, baba.”

“Na yeye?”

“Anacheza. Halafu anasema palipokosewa.”

Alichezea penseli yake. “Alikuwa anajua?”

“Kuliko wote,” nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi mno, kama mtu aliyesahau kuacha. Hatukulizungumza tena. Lakini nilipomaliza kidato cha nne na kusema nataka kompyuta, hakutoa methali. Alinitengenezea meza ya mninga, nzito, yenye droo, wakati nyumba nzima haina hata kikokotoo. Meza ilikaa mwaka mzima ikisubiri kompyuta, mama akiikatia mboga. Ndiyo ninayoifanyia kazi hadi leo nikiwa nyumbani.

Kazi yangu ni kutunga gemu za simu, na kabla ya hapo nilianza kwa kuzijaribu: unacheza kutwa nzima kutafuta palipokosewa, kisha unaandika. Ndugu zangu wa Uyole hucheka wakisikia nalipwa kwa hilo. Wiki za mwanzo walitupa mafunzo kwa video. Moja ilihusu mwanga. Ilieleza kwamba kuna watu wenye kifafa ambao mwanga unaowaka na kuzima haraka unaweza kuwaangusha, iwe kioo cha gemu, televisheni yenye umeme mbovu, hata jua likipita katikati ya miti na wewe uko ndani ya gari. Ndiyo maana mtunzi anatakiwa kuupima mwanga wa gemu yake. Mwisho mwanamke wa kwenye video alitoa tahadhari kwa mchezaji mwenyewe. Mwanga wa namna hiyo ukikushtukiza, alisema, usifumbe macho tu. Funika jicho moja kabisa kwa kiganja, ugeuke. Naye akainua kiganja akaonyesha.

Niliisimamisha video pale, mkono wake ukiwa usoni. Wenzangu waliendelea kuandika.

Hakuna aliyemfundisha Asajile. Alikuwa mtoto kwenye banda la blanketi, akayasoma maradhi yake mwenyewe taratibu, mlipuko kwa mlipuko, mpaka akapata dawa isiyouzwa, akaivika madoido ili wenzake wasijue anaumwa. Tuliuliza kliniki, tuliuliza kanisa, tuliuliza akina mama wa mkekani. Yeye hatukumuuliza, na aliposema mwenyewe “ndio najua” alishikwa kichwa akaombewa.

Hilo nilifikiri ndilo la kuumiza kuliko yote, mpaka juzi pale kwenye ngazi, harufu ya chogo ikiwa bado puani. Nilikuwa naikumbuka siku ya mashindano kama nilivyoikumbuka siku zote, umeme unacheza, kioo kinawakawaka, na mimi kwenye kreti nimenuna kwa kuwa kaka yangu ameogopa hata madoido ameyasahau. Hakuwa amesahau. Yule utingo alikuwa mzuri, na mkono mmoja usingemtosha. Asajile alijua jicho lile likibaki wazi litamfanya nini, akaliacha wazi, mikono miwili kwenye pedi, kwa sababu alikuwa anatafuta kazi.